Nguo Iliyorudishwa kwa Mwenyewe

Msomaji, ukipita sokoni hapa Isiolo utaona koti zito, lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya, likining'inia kwenye jua kali. Je, umepata kujiuliza limefikaje huku? Nguo hizo twaziita mitumba, kwa kuwa hufika zimefungwa marobota. Nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyejiuliza swali hilo, na jibu alilolishona.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba nguo za ng'ambo si jambo geni kwetu. Katika karne ya 19 kitambaa kilichofumwa Marekani kilishushwa Unguja, kikaitwa merikani, na misafara ikakichukua bara, ambako kilitumika kama fedha. Lakini watu wa pwani hawakukubali kuvaa kila kitu kama kilivyoletwa. Yasimuliwa kwamba wanawake walinunua leso sita, wakaziunganisha, wakapata vazi moja kubwa. Ndiyo asili ya kanga. Liweke moyoni jambo hili, maana tutalirudia.

Katika miaka ya 1950 kiwanda kikubwa cha nguo kilijengwa Jinja, Uganda, karibu na umeme wa mto Naili. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao wengi wao walikuwa na viwanda na maduka, na uchumi wa nchi ukaanguka. Kisha, katika miaka ya 1980 na 1990, milango ya biashara ilifunguliwa Afrika Mashariki. Mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vilivyokuwa vimekwisha kudhoofika havikuweza kushindana na bei yake. Tusisahau kwamba mitumba imewavisha maskini na kuwalisha wachuuzi wengi. Hata hivyo, tuliacha mbachao kwa msala upitao.

Basi, Bobby Kolade, mbunifu wa mavazi mwenye asili ya Nigeria na Ujerumani, alikulia Kampala. Alisomea ubunifu wa mavazi Berlin, akafanya kazi Paris kwa Maison Margiela na Balenciaga, kisha akaanzisha kazi yake mwenyewe Berlin. Mwaka 2018 alirudi Kampala akiwa na nia ya kushona nguo za pamba ya Uganda. Alikuta pamba ipo, lakini sehemu kubwa ilisafirishwa nje ikiwa ghafi, na viwanda vya kuifuma vilikuwa vichache mno. Kitambaa kilichokuwa tele kilikuwa mitumba ya soko la Owino.

Mwaka 2022 kampuni yake, Buzigahill, ilitoa mavazi aliyoyapa jina lenye maana ya "Irudishwe kwa Aliyeituma", kama ilivyo kwa barua iliyokosa mpokeaji. Nguo kuukuu hukatwa, na vipande vya kadhaa huunganishwa kuwa vazi jipya lisilo na mfano wake. Kisha huuzwa Ulaya na Marekani, katika nchi zile zile zilizozitupa. Waona, ni werevu ule ule wa wanawake wa leso sita.

Usidhani kumrudishia mtumaji ni jambo rahisi. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika. Kenya ilijitoa mwaka 2017. Na Rwanda, iliyoshikilia ushuru wake, ilinyimwa mwaka 2018 nafasi ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru. Mahali ambapo serikali zilishindwa, cherehani ilipata upenyo.

Huenda ukasema kwamba mtu mmoja hawezi kuyamaliza marobota yote. Ni kweli. Wala vazi lake si la mfuko wa mwanafunzi wa Isiolo, na mkasi wake haufufui viwanda vilivyokufa. Lakini tazama: fulana iliyotupwa bure imepanda bei, ingawa uzi wake ni ule ule. Kilichoongezeka ni fikira na kazi ya mikono.

Sisi wazazi na walimu mara nyingi tumemwambia mtoto kwamba cherehani ni ya aliyeshindwa na masomo. Tumekosa. Kolade hakuanza kwa mkasi. Alianza kwa kuuliza pamba huenda wapi na nguo hutoka wapi. Kwa hiyo, utakapopita tena sokoni, lishike lile koti, usome lebo iliyo ndani ya ukosi. Uliza nani alilishona, nani alilitupa, nani alifaidika njiani, na wewe ungelifanya nini. Hapo utakuwa umekwisha kuanza kusoma historia.