Majina yaliyoandikwa Amherst, na yale mengine

Wengi wetu tuna ndugu waliohamishiwa Kanada, na picha wanazotutumia ni za theluji tu. Leo tuangalie mawe ya ukumbusho ya huko.

Amherst ni mji mdogo wa jimbo la Nova Scotia, karibu na mpaka wa New Brunswick. Unajivunia wanasiasa wanne, wale wanaoitwa Mababa wa Shirikisho, yaani walioshiriki mazungumzo ya 1864 yaliyozaa Kanada tarehe 1 Julai 1867: Edward Barron Chandler, Robert Barry Dickey, Jonathan McCully na Charles Tupper. Tupper ndiye anajulikana zaidi. Alizaliwa hapo 1821, akawa daktari, na mwaka 1896 akawa waziri mkuu wa Kanada, kwa siku 69 tu!

Sasa, huyu Tupper aliliingiza jimbo lake kwenye Shirikisho bila kuwauliza wapiga kura. Uchaguzi ulipofika Septemba 1867, waliopinga Shirikisho walichukua viti 18 kati ya 19 vya Nova Scotia. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Tupper mwenyewe. Kumbe baba alikuwa amekataliwa na watoto.

Halafu kuna mnara wa askari waliokufa. Vita vya Kwanza vya Dunia viliua Wakanada zaidi ya 60,000, na kila tarehe 11 Novemba, saa tano asubuhi, watu husimama kimya mbele ya minara kama huo. Pale hakuna waheshimiwa, ni majina ya vijana wa kawaida. Lakini vijana weusi wa Nova Scotia waliokwenda kujiandikisha walirudishwa nyumbani kwa sababu ya rangi, mpaka 1916 walipoundiwa kikosi chao cha ujenzi. Serikali iliomba msamaha 2022. Miaka zaidi ya mia!

Ila kinachotugusa sisi ni kambi. Ndiyo, Amherst ilikuwa na kambi, ndani ya kiwanda cha chuma. Aprili 1917 Waingereza walimshusha Leon Trotsky melini pale Halifax, akiwa njiani kurudi Urusi, wakamfungia humo karibu mwezi mzima. Yeye aliandika baadaye kwamba wafungwa walikuwa kama 800: mabaharia 500 hivi wa meli za Wajerumani zilizozamishwa, na wafanyakazi 200 hivi ambao vita viliwakutia tu Kanada. Hao 200 hawakupigana na mtu. Kosa lao lilikuwa jina la nchi kwenye karatasi zao.

Trotsky dunia nzima inamjua. Wewe mwenye ndugu karibu na Amherst, mwombe aulize kama wale wafanyakazi wameandikwa mahali, na atutumie picha.