Majiranukta halisi katika interpolesheni

Kutumia majiranukta halisi ni uwezo wa maktaba ya programu kupokea swali la mahali kwa vipimo vya ulimwengu, kama milimita, nyuzi au sekunde, badala ya namba za safu. Interpolesheni ni kukadiria thamani isiyopimwa kutokana na thamani jirani zilizopimwa.

Haja yake. Safu ya kompyuta hujua namba ya nafasi tu. Katika data za Visible Human, mradi wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, mwili wa mwanamume (1994) ulikatwa kila milimita 1, na wa mwanamke (1995) kila milimita 0.33. Kwa hiyo hatua 300 ni milimita 300 katika mwili wa kwanza, lakini ni milimita 99 tu katika wa pili. Anayelinganisha namba bila vipimo hulinganisha viungo tofauti.

Namna inavyofanya kazi. Gridi ya data huhifadhi nukta ya asili, umbali kati ya nukta, na matriksi ya mwelekeo. Maktaba hutoa asili, hugeuza mwelekeo, kisha hugawanya kwa umbali. Asili ikiwa −120 mm na umbali 0.5 mm, mahali −99.75 mm huwa namba 40.5, yaani katikati ya nukta namba 40 na namba 41. Mihimili isiyo na umbali sawa huhitaji kwanza kutafuta kipande kinachohusika.

Mifano. ITK, maktaba huria ya picha za tiba iliyoanzishwa 1999, huruhusu kuuliza kwa nukta halisi au kwa namba ya safu yenye desimali. Katika SciPy, maktaba ya lugha ya Python, amri ya map_coordinates hutumia namba za safu. RegularGridInterpolator, iliyoingia mwaka 2014, hupokea thamani za mihimili yenyewe. Interpolations.jl ya lugha ya Julia hufanya hivyo kwa amri ya scale.

Makosa ya kawaida. Kosa la kwanza ni kusahau kugeuza mteremko pia: badiliko la 8 kwa kila hatua ya 0.5 mm ni 16 kwa kila milimita. La pili ni kuchanganya kitovu cha pikseli na kona yake, jambo linalosogeza picha nzima kwa nusu pikseli. La tatu ni mwelekeo wa mihimili: ITK na DICOM, muundo wa faili za picha za tiba, huhesabu kuelekea kushoto na mgongoni mwa mgonjwa, ilhali NIfTI, muundo mwingine wa faili hizo, huhesabu kuelekea kulia na mbele. Asiyegeuza alama hubadilisha kulia kuwa kushoto, na katika upasuaji hilo ni hatari kwa maisha.

Uamuzi wa usanifu. Ugeuzaji wa vipimo halisi kuwa namba za safu unafaa kukaa ndani ya maktaba, ambako huandikwa na kujaribiwa mara moja kwa niaba ya wote. Kila mtumiaji akijiandikia wake, makosa hayo matatu hurudi katika kila mradi.