Hadithi Isiyofungwa, Tuipendekeze?

Ndugu msikilizaji, leo tuzungumze jambo ambalo wapenzi wa televisheni hulibishania kila mara. Je, ni haki kumpendekezea mwenzako mchezo wa mfululizo ambao huenda usifikishwe mwisho? Unamsifia, anauanza, anakesha nao wiki nzima, kisha anaachwa njia panda bila kujua nani alipona na nani aliangamia. Lawama aibebe nani? Aliyeukatiza, au wewe uliyemwambia autazame?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue tabia hii ilitoka wapi. Mtambaji wa ngano huketi mbele ya watu wake, na hainuki mpaka ameifunga hadithi yake. Televisheni ya Marekani haikuzaliwa hivyo. Mashirika makubwa ya huko yalikuwa yakiuza nafasi za matangazo ya biashara, na hadithi ilikuwa chambo tu. Mchezo uliopata watazamaji ulirefushwa mwaka hadi mwaka, uliowakosa ulikatwa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu hakikuwa mkononi mwa mtunzi.

Mwanzoni jambo hilo halikuumiza sana, kwa kuwa sehemu nyingi zilijitegemea: tatizo lilianza na kwisha usiku uleule. Lakini mwaka 1963 shirika la ABC lilianza kuonyesha The Fugitive, mchezo wa daktari aliyehukumiwa kifo kwa mauaji ya mkewe ambayo hakuyatenda. Anatoroka, anamsaka mtu mwenye mkono mmoja, na polisi wanamsaka yeye. Ziliandaliwa sehemu 120. Ile ya mwisho, iliyoonyeshwa Agosti 29, 1967, ilitazamwa na watu wanaokadiriwa kufika milioni 78. Katika kila televisheni 100 zilizokuwa zimewashwa Marekani usiku ule, 72 zilikuwa zikionyesha mchezo huo. Hapo ikadhihirika kwamba aliyefuata safari kwa miaka minne ana haki ya kuona inakofikia.

Haki hiyo haikutimizwa kila mara. Twin Peaks, wa David Lynch na Mark Frost, ulianza Aprili 1990 na watu wengi wakauliza nani alimuua binti Laura Palmer. Jibu lilipotolewa, watazamaji wakapungua, na Juni 1991 mchezo ukakomea pale mpelelezi wake mwema alipokwama katika ulimwengu wa giza. Wapenzi wake walingoja hadi 2017 ndipo sehemu mpya 18 zikaja, nazo zikaishia kwenye swali jingine.

Mtu atasema kwamba kosa ni la matangazo ya biashara. Sivyo hasa. Deadwood, uliotungwa na David Milch, ulionyeshwa na HBO, ambayo kipato chake kilitokana na ada za wateja. Ulihusu mji wa wachimba dhahabu katika Dakota ya miaka ya 1870, mahali ambapo sheria ilikuwa haijafika na watu walijitungia yao kwa hila na damu. Mwaka 2006, baada ya misimu mitatu na sehemu 36, ulikatizwa. Filamu ya kuufunga ilitoka 2019, miaka 13 baadaye, na mmoja wa waigizaji wake wakubwa, Powers Boothe, alikuwa amekwisha kufariki. Vilevile The OA, wa Netflix, ulikusudiwa na watunzi wake uwe na misimu mitano. Mwaka 2019 ulifutwa baada ya msimu wa pili, huku kitendawili kikubwa kikiwa ndiyo kwanza kimetegwa.

Kwa sababu hiyo watazamaji wengi wamejiwekea kanuni: hawagusi mchezo mpaka umekamilika. Nawaelewa, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini hebu tufikiri. Kampuni zinazorusha michezo kwa intaneti huhesabu wangapi wameanza kutazama na wangapi wamefika mwisho. Sote tukingoja, hesabu itakuwa ndogo, na mchezo utaonekana hauna wenyewe. Tunauogopa msiba, kumbe woga wetu ndio unaouleta.

Tena tusidhani kwamba hadithi isiyokwisha haina thamani. Charles Dickens alifariki Juni 9, 1870, akiwa ameandika sehemu sita tu kati ya kumi na mbili za riwaya yake The Mystery of Edwin Drood. Hakuna ajuaye kwa yakini alikusudia kuimaliza vipi, lakini mpaka leo inachapishwa na kusomwa. Kilichofanya Dickens asiimalize ni kifo; michezo hii hukatizwa na daftari la mapato. Hiyo ndiyo tofauti, na ndiyo inayotukera.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, maoni yangu ni haya: tupendekeze, lakini kupendekeza ni amana. Mwambie mwenzako mapema kwamba mchezo huu umekatizwa, au kwamba hatima yake haijulikani. Kisha mweleze kilichomo kwenye zile sehemu zilizopo. Deadwood ungestahili kutazamwa hata kama ile filamu isingetoka, kwa sababu kila sehemu inaonyesha jinsi kundi la wakorofi linavyogeuka kuwa mji. Lakini mchezo ambao utamu wake wote ni fumbo moja, nalo fumbo halikufumbuliwa, huo umwonee huruma mwenzako.

Na ukipenda mchezo ambao bado unaendelea, usiufiche kifuani ukingoja uhakika. Useme leo. Sifa zinazotolewa baada ya mchezo kufutwa ni kama mashada ya maua kaburini: yanapendeza, lakini hayamfufui mtu.

Hadi juma lijalo, kwaheri.