Gari likivuta kushoto, kagua kwanza breki za kulia

Gari kuukuu linapovuta upande mmoja wakati wa kufunga breki, madereva wengi hukimbilia kulipia alaimenti ya magurudumu. Mara nyingi fedha hizo hupotea bure.

Gari linalokwenda sawa, kisha likahama pale tu breki zinapofungwa, huelekea kwenye gurudumu linaloshika zaidi. Likivuta kushoto, huenda kosa liko kulia: pistoni ya kalipa imekwama kwa kutu, au pedi zimelowa grisi. Bushi za mbele zilizochakaa nazo huleta dalili hiyo.

Mpira wa breki ndio unaohadaa mafundi zaidi. Nje huonekana mzima, kumbe ndani umevimba. Mafuta ya breki hupita pedali inapokanyagwa, yakashindwa kurudi. Gurudumu hubaki limeshikwa. Endesha kilomita chache, simama, kisha sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Iliyo moto kuliko ya upande wa pili ina kasoro.

Rimu zikiwa sawa na gari bado linavuta, pima upepo, kisha badilishana matairi ya mbele. Mvuto ukihama, tairi ni bovu. Kuelekea kushoto kidogo si ubovu, kwani barabara huinamishwa pembeni ili maji yatiririke.

Usukani ukicheza, mtu mmoja autikise huku mwingine akitazama vichwa vya tairodi. Kichwa kilicholegea kinaweza kuchomoka gari likiwa mwendoni. Gari hilo livutwe hadi gereji, lisiendeshwe.