Konde Boy na Chale za Babu

Jumapili tarehe 17 Juni 2012 nilipigwa ngumi kwa sababu ya kabila. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Taifa Stars walikuwa Maputo wanarudiana na Msumbiji katika mchujo wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mechi ya Dar es Salaam ilikuwa sare, hii nayo ikawa sare, zikaja penalti, tukatolewa. Hapa Kinjumbi tulikuwa tumeizunguka redio, kimya kama msibani. Jamaa mmoja mkubwa akanigeukia: "Furahi sasa, Mmawia wee! Si kwenu kumeshinda?" Nikamjibu utumbo. Ngumi ikafuata.

Nikafika nyumbani pua inatoka damu. Babu alikuwa barazani anasugua kipande cha mpingo.

"Mume mwenzangu, nani kakupiga?"

Nikamweleza. Akafikiri kidogo, halafu akauliza, "Na wewe ulikuwa upande wa nani?"

"Stars, babu."

"Basi huyo kakuonea tu."

Yeye alikuwa upande wa nani, hakusema. Nilimchungulia usoni nikaona chale zake tu, zile za shavuni na kwenye paji, ambazo watoto wa hapa walikuwa wakizikimbia. Bibi yangu ni Mmatumbi wa hapa hapa, baba kazaliwa hapa, mimi Kimakonde sikijui hata cha kuombea maji. Lakini chale za babu zilikuwa zinatutambulisha sote.

Nilipomaliza Fomu Four nikaanza kuandika riwaya juu yake. Ikanikwamia ukurasa wa tatu. Nilimtoa mtu wangu ng'ambo ya Ruvuma, nikamfikisha mtoni, nikagundua sijui kwa nini mto ule ni mpaka. Ndugu yangu unayeandika, kama na wewe umekwama, jaribu kuiacha riwaya kwanza ukaulize wazee.

Mpaka wenyewe uliandikwa Desemba 1886, Wajerumani na Wareno wakakubaliana kwamba kaskazini ya Ruvuma ni ya huyu na kusini ni ya yule. Wamakonde walikuwa pande zote mbili, huku uwanda wa Newala, kule uwanda wa Mueda. Hakuna aliyewauliza. Ndivyo walivyofanyiwa hata Wayoruba kule magharibi, kijiji hiki kikaangukia kwa Mwingereza, cha jirani kwa Mfaransa, na leo hawa ni Wanaijeria na wale ni watu wa Benin.

Mstari wa kwenye karatasi haukumzuia mtu kuvuka. Kule kusini, kuanzia mwaka 1938, Wareno waliwalazimisha watu wa kaskazini ya Msumbiji kulima pamba, na juu yake kulikuwa na kazi za shokoa. Babu alivuka kwa mtumbwi katikati ya miaka ya 1950, yeye na kaka yake, wakatembea hadi Lindi kwenye mashamba ya mkonge. Huko walikuta wenzao wengi. Na huko ndiko alikoitwa Mmawia mara ya kwanza. Walioanza kumwita hivyo ni Wamakonde wa upande huu! Kwao hawakuwa wakijiita Wamawia, ni jina walilopewa na wengine. Babu aliniambia, "Nilivuka mto Mmakonde, nikafika ng'ambo Mmawia."

Mkonge ulipomchosha akafuata mpingo, ndio ukamleta misitu ya Kilwa, ukamleta kwa bibi.

Kuna jambo hapa linanichekesha. Watalii wananunua vinyago vya Wamakonde pale Mwenge kama sanaa ya Tanzania. Sawa. Lakini ule mtindo wa mashetani, ulioanza miaka ya 1950, unatajwa kuwa ni wa Samaki Likankoa, mtu wa ng'ambo ya mto kama babu. Kinyago hakiulizwi babu yake alizaliwa wapi.

Hata uhuru wa Msumbiji ulipikwa kwa kuvuka huku na huku. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwapiga risasi watu pale Mueda. Waliotangulia kudai haki siku ile, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walikuwa wametoka Tanganyika. Miaka miwili baadaye FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam, na kimojawapo cha vyama vilivyoungana, MANU, kilikuwa na mizizi kwa Wamakonde waliohamia huku na Kenya. Hao wa Kenya, wajukuu wa vibarua wa mkonge na miwa, walikaa bila vitambulisho hadi mwaka 2016, walipotoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Ndipo wakahesabiwa kabila la 43.

Miaka 56 baada ya Mueda, watu bado wanatembea kudai kuandikwa!

Mimi nilitembea kidogo tu. Mwishoni mwa 2020, vita ya Cabo Delgado ilikuwa imeshamwaga damu hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara, na kila aliyenukia ng'ambo alitazamwa mara mbili. Nilikwenda ofisi moja na fomu yangu. Karani akauliza babu mzaa baba kazaliwa wapi. Nikasema kweli. Akaweka kalamu chini.

"Kaa pembeni kwanza, njomba."

Safari ya nne ndipo fomu ikapita. Sikumwambia babu.

Sasa rudi kwenye mpira. Agosti 2019 UD Songo ya Msumbiji iliitoa Simba Dar es Salaam kwa sare ya bao moja. Aliyetuliza ni Luis Miquissone, kwa frikiki. Nilijikausha siku ile, sikutoka nje. Miezi michache baadaye Simba wakamsajili yule yule, na mashabiki wakambatiza Konde Boy, jina la Harmonize, msanii wetu wa Mtwara. Februari 23, 2021, Simba na Al Ahly, kipindi cha kwanza, akafumua shuti. Moja bila, mpaka mwisho. Kibanda cha video kilitaka kung'oka. "Konde! Konde!" Jamaa aliyenipiga ngumi mwaka 2012 alinibeba mabegani, jasho lake lote likaniishia mimi. "Ndugu yako huyo, njomba!"

Nilikimbia nyumbani kumhadithia babu. Alikuwa amelala kwenye jamvi, macho yameshaanza kumwacha.

"Konde? Ni wa Mueda?"

"Sijui, babu. Katokea timu ya Songo, huko Tete."

"Tete!" Tete ni mbali kabisa na Mueda, iko kwenye Zambezi. Akacheka hadi kikohozi kikamshika. "Basi na yeye wamembandika tu."

Akaniomba maji, nikamletea.