Neno "Tabia" na Wayahudi wa Harvard, 1922–1926

Fomu ya kuomba nafasi chuoni ni matini: ina msamiati wake, ukimya wake na msomaji inayemlenga. Makala haya yanachunguza jinsi neno "tabia" lilivyotumiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kuwazuia Wayahudi bila kuwataja.

Kufikia mwaka wa 1922, Wayahudi walikuwa takriban asilimia 21 ya wanafunzi wa Harvard, wengi wao wana wa wahamiaji waliofaulu mtihani wa kuingia. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, alipendekeza wasizidi asilimia 15. Alidai kwamba idadi yao ikiongezeka, chuki dhidi yao nayo itaongezeka. Kwa mantiki hiyo, anayechukiwa ndiye anayetozwa gharama ya chuki.

Kamati ya walimu iliukataa mgao huo mwaka wa 1923. Hata hivyo, tangu 1922 fomu ilikuwa imeanza kuuliza rangi, dini, jina la mama kabla ya kuolewa, na iwapo mwombaji au babake aliwahi kubadilisha jina. Mwaka wa 1926 chuo kiliweka kikomo cha wanafunzi 1,000 wapya na kuipa "tabia" uzito zaidi katika uteuzi. Idadi ya Wayahudi ikashuka. Mgao uliofungiwa mlango ukapitia uani.

Ajabu ni kwamba utaratibu huo wa kumpima mtu mzima, si alama zake tu, baadaye ulitumiwa kwa lengo lililo kinyume. Katika kesi ya Bakke ya 1978, Jaji Lewis Powell aliusifu mpango wa Harvard wa kutafuta uanuwai, uliowafungulia njia wanafunzi Weusi. Mahakama Kuu ya Marekani iliutengua mwaka wa 2023.

Mwaka wa 2024 Harvard iliunda vikosi kazi viwili: kimoja kuhusu chuki dhidi ya Wayahudi, kingine kuhusu chuki dhidi ya Waislamu, Waarabu na Wapalestina. Safari hii makundi yalitajwa waziwazi. Kutajwa peke yake si haki, lakini historia tuliyoieleza yaonyesha hatari ya kutotajwa. Sera ya ujumuishaji inayotegemea maneno mapana humwachia mpimaji uhuru wa kuamua ni nani asiyestahili. Kwa hivyo, kabla ya kulisifu neno kama "uanuwai", mhakiki hana budi kuuliza lilimhudumia nani, na lini.