HISTORIA ZA TIBA, SEHEMU YA 7: Ugonjwa unaomsubiri mzamiaji huku juu

Leo tuingie majini kidogo.

Wengi tunadhani hatari ya kuzamia iko chini: papa, giza, hewa kuisha. Hizo zipo. Lakini kuna ugonjwa ambao ukiwa chini haukugusi, unakusubiri upande. Na waliotufundisha kuujua hawakuwa wazamiaji. Walikuwa vibarua.

Ufaransa, 1841. Mhandisi Jacques Triger anachimba makaa ya mawe bonde la mto Loire. Maji yanaingia shimoni, basi anasukumia humo hewa yenye presha kubwa ili yasipite. Kazi inaenda. Ila baadhi ya vibarua wakishatoka nje wanalalamika magoti na viwiko. Mwaka 1854 madaktari wawili, Pol na Watelle, wakaandika jambo zito: maumivu huanza mtu akitoka, na akirudishwa kwenye presha hupungua. Yaani jamani, dawa ilishaonekana mwaka ule!

Sababu aliieleza Mfaransa Paul Bert mwaka 1878. Hewa tunayovuta, karibu asilimia 78 ni naitrojeni. Presha ikiwa kubwa, naitrojeni nyingi inayeyuka kwenye damu na nyama za mwili. Ukipanda taratibu, inatoka kwa mapafu bila shida. Ukipanda haraka, inafanya kama soda iliyofunguliwa ghafla: mapovu. Povu likikaa kwenye kiungo ni maumivu. Likikaa kwenye uti wa mgongo, mtu anapooza.

Lakini kabla ya hapo watu walishaumia sana. St. Louis, Marekani, 1870, linajengwa daraja la James Eads juu ya Mississippi. Vibarua wanachimba chini ya mto ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa ya presha. Zaidi ya kumi walikufa. Daktari wao, Jaminet, akashuka mwenyewe, akakaa chini karibu saa tatu, akatolewa kwenye presha kwa dakika tatu na nusu tu. Akapooza. Bahati yake alipona.

Brooklyn ikawa hivyohivyo. Mhandisi mkuu Washington Roebling aliugua mwaka 1872, na mkewe Emily ndiye aliyepeleka maagizo yake kwa mafundi mpaka daraja likafunguliwa 1883. Daktari wa pale, Andrew Smith, alipendekeza chumba cha kuwarudisha wagonjwa kwenye presha. Hakikujengwa. Kilikuja kujengwa na Ernest Moir kwenye handaki la mto Hudson, mwaka 1889 hivi, na vifo vikapungua sana. Hesabu wenyewe: tangu 1854 ni miaka 35.

Kinga nayo ilichelewa. Mwingereza John Haldane aliwapima mbuzi kwenye chumba cha presha, na mwaka 1908 yeye na wenzake wakachapisha majedwali: panda kwa vituo, simama, subiri, panda tena. Jeshi la majini la Uingereza likayatumia.

Mwaka 1943 Cousteau na Gagnan wakatengeneza kifaa cha kupumulia kutoka kwenye mtungi wa mgongoni, na baada ya vita watu wa kawaida wakaanza kuzamia. Ndiyo maana leo mwanafunzi wa uzamiaji anakaririshwa: usibane pumzi hata kidogo unapopanda, panda polepole (wengi wanafundisha mita 9 kwa dakika), simama dakika tatu kwenye mita 5. Kila sheria hapo ina kibarua nyuma yake.

Sasa wenzangu mnaofanya kazi zahanati za pwani. Wavuvi wa majongoo bahari wanatumia mitungi, na si wote wamefundishwa. Akija kijana ana ganzi miguuni, au mabega yanauma bila kuanguka, usikimbilie kumwambia amelala vibaya au ni malaria. Muulize: ulizamia leo? Mita ngapi? Mara ngapi? Ulipanda vipi? Mlaze chali, mpe oksijeni nyingi kadiri ulivyonayo, hata akisema amepata nafuu. Anza kutafuta rufaa ya chumba cha presha mapema, na asisafirishwe kwa ndege ya kawaida. Wala msikubali ndugu wamrudishe baharini "apoe". Kurudi kwenye presha ni tiba, ila ni chumbani, chini ya uangalizi.

Pol na Watelle waliona, hawakusikilizwa. Sisi tusikie.

Sehemu ya 8 kesho, Mungu akipenda. Maswali wekeni hapo chini.